Kioo Cheusi Juu ya Meza za Minofu: Barua ya Wazi kwa Bodi na Uongozi wa Kiwanda Chetu

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi ya Wakurugenzi, pamoja na Meneja Mkuu,
Kiwanda cha kusindika samaki,
Mwanza.

YAH: CHUMBA CHA UANGALIZI, ALAMA ZA NIDHAMU NA KUMBUKUMBU ZA PICHA ZA WAFANYAKAZI

Waheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ninawaandikia nikiwa mkaguzi wa ubora katika idara ya minofu na mwakilishi aliyechaguliwa na wafanyakazi wa zamu ya mchana na ya usiku. Jina la kiwanda sikulitaja, kwa kuwa kusudi letu si kuharibu soko la bidhaa ambayo nasi tunaishi kwayo. Ninyi mnajitambua, na wenzetu wa viwanda vingine vya kandokando ya ziwa watapima wenyewe kama haya yanawahusu. Tumefika hadharani baada ya njia za ndani kuziba. Sanduku la maoni halifunguliwi, ajenda yetu huondolewa kwenye vikao kwa maelezo kwamba muda umekwisha, na barua zetu huishia mapokezi, isipokuwa moja tu iliyojibiwa kwa ukurasa mmoja unaosema kwamba mfumo mpya wa uangalizi una faida kwa walio wengi na kwamba suala hilo limefungwa.

Naomba kulifungua tena, na nitalifungua kwa ufunguo wenu wenyewe. Sitasema kwamba faida ya walio wengi ni kipimo kibaya. Nitasema kwamba mmekitaja kipimo hicho bila kukitumia.

Mtakumbuka kwamba katika semina ya uzinduzi, mtaalamu mliyemleta alituonyesha mchoro wa jengo la duara, lenye vyumba vidogo pembezoni na mnara wa mkaguzi katikati, akatueleza kwamba lilibuniwa na Jeremy Bentham, mwanafalsafa Mwingereza aliyeishi kati ya mwaka 1748 na 1832, ambaye alifundisha kwamba sheria na taasisi zipimwe kwa raha na maumivu zinayowaletea watu. Alisema kweli. Angeweza hata kuongeza kwamba wazo hilo lilianzia kazini, si gerezani. Mdogo wake Bentham, Samuel, alikuwa mhandisi huko Krichev, mahali palipo leo katika nchi ya Belarus, akisimamia karakana za Potemkin, kigogo wa utawala wa Urusi, na ndiye aliyefikiria ukumbi wa duara ambamo msimamizi mmoja angeweza kuwaona mafundi wengi. Jeremy alimtembelea huko, na mwaka 1787 akaandika mfululizo wa barua kulieleza jengo hilo. Barua hizo zilichapishwa mwaka 1791, zikipendekeza litumike kwa magereza, viwanda, hospitali, nyumba za maskini na hata shule. Mnara ungefunikwa kwa mapazia ya mbao ili mkaguzi aone bila kuonekana, na kila aliye pembezoni, kwa kutojua ni saa ngapi anatazamwa, ajihesabu anatazamwa saa zote.

Hapo ndipo mtaalamu wenu alipokomea, na ninyi mkajenga kuanzia hapo alipokomea. Malalamiko yetu ni haya.

1. Kioo cheusi. Juu ya meza za minofu kuna chumba chenye vioo ambavyo kwa chini havionyeshi kitu. Hatujui ni nani amekaa humo, kama yupo, wala anaandika nini. Mimi ninayo ruhusa ya kuingia ghala la ubaridi, maabara na stoo ya kemikali, lakini chumba hicho sijawahi kuruhusiwa kuingia. Mtasema kwamba ndivyo Bentham alivyotaka. Sivyo. Huyo huyo aliyeweka mapazia kwenye mnara alitaka milango ya jengo iwe wazi kwa mahakimu, kwa ndugu wa wafungwa na kwa mtu yeyote mwenye shauku ya kuona, ili mkaguzi naye awe chini ya macho ya umma, ambao aliuona kuwa ni mahakama kubwa kuliko zote. Swali la kale la nani atamlinda mlinzi aliliona, na jibu lake lilikuwa uwazi. Katika maandishi yake ya baadaye kuhusu serikali aliligeuza kabisa jicho hilo, akitaka wenye madaraka ndio waonekane na wananchi. Aliitetea pia kanuni kwamba masilahi ya msimamizi yafungwe pamoja na wajibu wake: mkandarasi wa gereza atozwe fedha kwa kila mfungwa anayekufa zaidi ya idadi inayotarajiwa kwa kawaida. Je, katika mfumo wenu kuna mahali popote ambapo msimamizi anapoteza chochote mfanyakazi anapokatwa kidole?

Hata mwili wake unaendelea na msimamo huo, kama mtaniruhusu niseme hivyo: kwa wosia wake mwenyewe, mifupa yake imevishwa nguo na kukalishwa kwenye kiti ndani ya sanduku la kioo huko University College London, na anayetaka kumtazama humtazama. Kioo chake ni cheupe.

Pale Kirumba Mwaloni, soko letu la samaki, dagaa wanapowekwa kwenye mizani, muuzaji na mnunuzi wote wawili huinama kusoma mshale, na hakuna anayeona kwamba ametukanwa. Tunachodai katika jambo hili hakizidi hapo.

2. Alama. Kila mfanyakazi ana namba, na kila namba huanza mwezi na alama mia moja ambazo hupungua kwa kuchelewa, kuongea mezani, kusimamisha kisu, kwenda msalani zaidi ya mara mbili katika zamu, na kwenda zahanati bila kibali cha msimamizi. Zikishuka chini ya sabini, posho inakatwa. Zikishuka chini ya hamsini, kibarua hapangiwi zamu wiki inayofuata. Ubao wa namba umewekwa penye mlango wa kulia chakula ili aliye mwisho aonekane na wote.

Hapa naomba uvumilivu wenu, kwa sababu jambo hili lina uzito kuliko mengine yote na ninalizungumza kama mkaguzi wa ubora kabla ya kulizungumza kama mwakilishi. Adui mkubwa wa mnofu wa sangara ni mgonjwa anayeficha ugonjwa. Mtu mwenye kuhara hatakiwi kugusa samaki. Mtu aliyekatwa na kisu anatakiwa kusimama papo hapo, kutoka mezani, kufungwa jeraha, na meza yake kuoshwa kwa maji ya klorini kabla kazi haijaendelea. Kanuni hizo zinategemea kitu kimoja ambacho hakuna kamera inayoweza kukizalisha, nacho ni mtu kusema kwa hiari yake kwamba anaumwa. Kabla ya mfumo huu watu walikuwa wakisema, tena mapema, kwa sababu aliyesema alipewa kazi ya kufunga maboksi au kurudishwa nyumbani na jina lake likabaki salama. Sasa nakuta damu ndani ya glavu wakati wa kuvua, na nikiuliza naambiwa kwamba mkato ni wa jana, nyumbani, wakati wa kumenya viazi. Nakuta wanawake wajawazito ambao hawanywi maji tangu asubuhi ili wasiende msalani. Nakuta mama mwenye homa aliyeegemea meza kwa kiwiko, pembeni ya nguzo, mahali ambapo wote tunajua kamera haifiki vizuri.

Bentham alifundisha kwamba maumivu na raha vipimwe kwa ukali wake, kwa muda vinavyodumu, kwa uhakika wa kutokea, kwa ukaribu, kwa uwezo wa kuzaa mengine ya aina yake, kwa kutochanganyika na kinyume chake, na kwa idadi ya watu vinaowafikia. Chukueni hofu ya ubao ule muipime kwa orodha hiyo. Pengine ukali wake si mkubwa sana, hakuna aliyepigwa. Lakini inadumu zamu nzima na kwenda na mtu hadi kitandani, imewafikia wote walio ukumbini, wenye makosa na wasio nayo, na inazaa: inazaa uongo, uongo unazaa jeraha lililofichwa, na jeraha lililofichwa linaingia kwenye boksi la minofu lenye jina la kiwanda. Kwenye taarifa yenu ya faida safu hiyo haimo. Mmeandika kilo zilizoongezeka kwa zamu, mkaacha kuandika kilichozizalisha.

Alifundisha pia kwamba adhabu yenyewe ni ubaya, na inaruhusiwa pale tu inapozuia ubaya mkubwa zaidi. Isitolewe pasipo kosa, isitolewe pasipoweza kufanya kazi, isitolewe pale gharama yake inapozidi faida, wala pale njia nyepesi inapotosha. Kumpunguzia mtu alama kwa kwenda msalani kunavunja masharti yote manne kwa pigo moja, na sijui kama kuna sheria nyingine ya kazi hapa kanda ya ziwa iliyofanikiwa kiasi hicho.

3. Watoa taarifa wa siri. Mmeanzisha nyongeza ya fedha kwa anayeripoti mwenzake, na majina ya waripoti hayatajwi. Tunatoka katika jamii inayojua uangalizi wa majirani. Tangu miaka ya 1960 tumekuwa na balozi wa nyumba kumi, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Usukumani na Unyamwezini ndiko walikochipuka sungusungu, vikundi vya ulinzi vya wanavijiji wenyewe, wakati wizi wa ng'ombe ulipowashinda wenye dhamana. Sitawapamba, sungusungu walidhuru watu wasio na hatia, na wazee wetu wanakumbuka. Lakini balozi tunamjua kwa jina, tunajua nyumba yake, na akisema uongo juu ya mtu atakutana naye kisimani. Mtoa taarifa wenu hana uso. Matokeo yake ni kwamba meza nzima imenyamaza, na katika kazi ya visu ukimya si nidhamu, kwa sababu aliyenyamaza ndiye asiyemwambia jirani yake kwamba sakafu ina mafuta.

4. Kumbukumbu. Picha zetu zinahifadhiwa wapi, kwa muda gani, nani anazitazama, na je, zinapelekwa kwa mwajiri mwingine mtu anapoacha kazi? Tumeuliza kwa maandishi. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na ya hifadhi ya maisha yake binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu aseme anazikusanya kwa kusudi gani, asizitumie kwa kusudi jingine, asizihifadhi kupita haja, na ampe mhusika nafasi ya kuziona na kuzisahihisha; inamtaka pia ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hati ya usajili wenu hatujaonyeshwa.

5. Kamera iliyo mbele ya chumba cha wanawake cha kubadilishia nguo. Mlango ukifunguliwa, inaona ndani. Hili halihitaji falsafa. Iondolewe leo.

Najua majibu mtakayotoa, kwa kuwa mengine nimeyasikia kwenye korido.

Mtasema kuhusu mabondo, yaani vibofu vya hewa vilivyo ndani ya samaki. Ni kweli kwamba mabondo ya sangara yana bei kubwa huko Asia kuliko mnofu wenyewe, na ni kweli kwamba yamewahi kuibwa. Lakini mabondo hutolewa kwenye meza moja, hupimwa kwenye mizani moja na kutoka kwa mlango mmoja. Kamera juu ya mizani hiyo na juu ya mlango huo hatuzipingi, na mkitaka mwakilishi wetu atasaini daftari la uzito pamoja na mlinzi kila zamu inapokwisha. Wizi wa mabondo hauelezi kwa nini anayefunga minofu, ambaye bondo halimfikii kabisa, ahesabiwe safari za msalani.

Mtasema kuhusu wanunuzi wa Ulaya. Walio wakubwa kwetu kazini wanakumbuka kati ya mwaka 1997 na 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa vipindi tofauti, kwa sababu ya vijidudu vya salmonella, kisha kipindupindu, kisha habari za watu kuvua kwa sumu. Viwanda vilisimama na Mwanza nzima ikaumia, kuanzia mvuvi wa Ukerewe hadi mama anayekaanga mapanki, yale mabaki ya samaki baada ya minofu kutolewa. Kilichofungua tena soko ni ukaguzi wa serikali ulioimarishwa, vipimo vya maabara, barafu kwenye mitumbwi, maji safi, na kumbukumbu za joto la samaki kutoka mwaloni anaposhushwa hadi ndani ya boksi. Mkaguzi kutoka nje akija huniomba daftari la joto na orodha ya waliozuiwa kazi kwa ugonjwa. Orodha hiyo tangu ubao uwekwe imekuwa fupi mno, na mtu anayeijua kazi hii akiiona hatafurahi. Atauliza wagonjwa wamekwenda wapi.

Mtasema asiye na hatia haogopi. Basi aliye ndani ya chumba cha vioo vyeusi naye asiogope kioo cheupe.

Mtasema tulisaini mkataba. Tulisaini ukurasa wa mwisho wa karatasi tulizopewa asubuhi ya kuanza zamu, na kibarua aliyekataa hakuingia getini. Zaidi ya hapo sina la kusema kuhusu mkataba huo.

Na mtarudia, kama mlivyoandika, kwamba ni faida kwa walio wengi. Hapa ndipo pananishangaza. John Stuart Mill, aliyelelewa katika mafundisho hayo na baadaye akayatetea na kuyarekebisha, alieleza sharti la Bentham kwamba katika hesabu ya furaha kila mtu ahesabiwe kuwa mmoja, na asiwepo anayehesabiwa zaidi ya mmoja. Haya, tuhesabu. Katika kiwanda hiki walio wengi ni akina nani? Ni wakata minofu, wapakiaji, waoshaji, wabeba barafu, wapiga deki na vibarua wa getini. Walio juu ya kioo ni wachache, na wenye hisa ni wachache zaidi. Mkitaka kushinda kwa hoja ya wengi, itabidi mkubali kwamba mfumo huu umewapa wachache faida kutokana na hofu ya wengi, jambo ambalo hesabu hiyo ilibuniwa kulikataa. Na mkisema wengi ni walaji wa Ulaya, narudi kwenye glavu yenye damu.

Nakiri kwamba falsafa hii ina mlango wa nyuma. Ingewezekana siku moja kundi dogo likaumizwa kweli kwa faida ya kundi kubwa na hesabu ikakubali, na wanaoipinga wamelisema hilo kwa miaka mingi. Bentham mwenyewe aliwahi kupanga kampuni ya kuwaweka maskini wapatao laki tano wa Uingereza katika nyumba za kazi zenye ukaguzi wa namna hiyo hiyo, na nasoma mpango huo kwa baridi mgongoni. Kwa sababu hiyo sisi hatuegemei hesabu peke yake. Tunashika pia ibara ya 16, ambayo haiulizi mko wangapi. Lakini ninyi mlichagua kusimama juu ya hesabu, na juu ya hesabu hamsimami. Bunge la Uingereza nalo, baada ya kuzungushana na Bentham kwa takriban miaka ishirini, halikulijenga gereza lake. Mwaka 1813 lilimlipa fidia ya pauni 23,000, likajenga jingine kwa mchoro mwingine.

Tunaomba yafuatayo, na tunayaomba kwa pamoja. Kamera ya chumba cha wanawake iondolewe mara moja. Kioo cheusi kibadilishwe kiwe kinachoonekana pande zote mbili, na wawakilishi wawili wa wafanyakazi, mmoja wa kila zamu, waruhusiwe kuingia chumba hicho wakati wowote bila kutoa taarifa. Kamera zibaki kwenye mizani, milango, ghala la ubaridi na mashine, zitoke kwenye nyuso za watu. Ubao wa alama ushushwe, na makosa ya kazi yarudi kwenye utaratibu wa kawaida wa nidhamu, ambapo mtu huambiwa kosa lake, husikilizwa na huwa na haki ya kukata rufaa. Kwenda msalani na kwenda zahanati visihesabiwe tena, na anayeripoti ugonjwa au jeraha alipwe zamu yake kamili. Nyongeza ya watoa taarifa igawiwe meza nzima mwezi unapopita bila ajali. Tupewe kwa maandishi kusudi la picha, muda wa kuzihifadhi na majina ya wanaozitazama, pamoja na nakala ya usajili wa Tume. Picha zilizokusanywa kabla ya hapo zifutwe mbele ya wawakilishi.

Tuko tayari kwa kikao, nasi tunapendekeza kifanyike ndani ya siku thelathini tangu barua hii kutoka, katika ukumbi wa chakula na si ofisini, ili wa zamu zote mbili wahudhurie. Mkikubali, nitaleta daftari langu la ukaguzi wa majeraha nanyi mlete picha za tarehe hizo hizo, tuziweke mezani pamoja. Kipindi hicho kikipita bila jibu, tutapeleka shauri kwa Afisa Kazi na malalamiko ya taarifa binafsi kwa Tume, na nakala za yote mawili mtazipata siku hiyo hiyo.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwakilishi wa wafanyakazi,
Idara ya minofu na ukaguzi wa ubora,
Mwanza.

Nakala: Afisa Kazi wa Mkoa, wafanyakazi wote, ubao wa matangazo.